Foronya ya Kanga Kuukuu

Ndugu wanakisomo, safari hii tunashona foronya ya mto mdogo wa sentimita 30 kwa 40. Cherehani haihitajiki. Sindano na uzi vinatosha.

Twaa kanga kuukuu, iinue kwenye mwanga. Palipochakaa pataonekana, paache, maana patachanika upesi. Penye nguvu pima kipande, urefu sentimita 100, upana 34. Kata.

Pindia zile ncha mbili fupi, sentimita 2 kila moja, ushone. Urefu sasa ni 96. Laza kitambaa, upande mzuri juu. Kunja ncha ya kwanza, kisha ya pili iipande ya kwanza kwa sentimita 16. Mfuko utakuwa na urefu wa 40. Shona pembeni huku na huku, sentimita 1 kutoka ukingoni, halafu geuza. Pale ncha zinapopandana ndipo mdomo. Vifungo vya nini?

Na jina la kanga, je? Tulisome kabla ya kukata. Zamani wengine wetu tulimwuliza muuzaji, naye akasema alivyotaka. Ukimpa wifi foronya yenye fumbo la ugomvi, hatauliza kama ulikusudia. Jina la namna hiyo liondoe, ufanye matambara ya kushikia sufuria.