SOMO LA AFYA: NYONGA YA BANDIA HULEGEA KWA SABABU GANI?



Wapo kati yetu wazee waliowekewa nyonga ya bandia kabla ya kukimbia. Huuliza: itadumu mpaka lini? Ili tuwasaidie kuitunza, tujifunze kwanza inavyofanya kazi.

1. Imetengenezwaje?
Mara nyingi kichwa cha chuma chenye mti wake huingizwa katika mfupa wa paja. Kichwa hicho huzunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Katika baadhi ya nyonga hizi, vyote viwili hushikwa na saruji ya mifupa. Saruji hii si gundi. Huingia katika vitundu vya mfupa na kuuma humo. Huvumilia kukandamizwa, lakini ni dhaifu ikivutwa au kupindwa. Ikiwa ilibaki na pengo au ni nyembamba mno, ufa huweza kuanzia hapo.

2. Kuchakaa
Daktari John Charnley wa Uingereza alitumia kwanza kikombe cha Tefloni, kikachakaa upesi. Mwaka 1962 akageukia plastiki ngumu zaidi, poliethilini. Alichagua pia kichwa kidogo, cha milimita 22 hivi, ili msuguano usikisokote kikombe na kukilegeza. Hata hivyo, unga laini wa plastiki hutoka kidogo kidogo. Mwili ukipambana na unga huo, mfupa wa jirani huliwa, na saruji hukosa pa kushika.

3. Uzito
Kila hatua tunasimama kwa mguu mmoja. Misuli ya kando ya nyonga huvuta kwa nguvu ili mwili usiinamie upande wa pili. Kwa hiyo nyonga hubeba karibu mara tatu ya uzito wa mtu: mwenye kilo 60, nyonga yake hubeba kama kilo 180. Kujikwaa huongeza nguvu hiyo zaidi sana.

Tufanye nini?
- Mzee ashike fimbo kwa mkono wa upande MZIMA, si upande wa nyonga ya bandia. Hapo misuli haivuti sana.
- Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Vijana, tuwachotee wazee maji na kuwaletea kuni.
- Tufukie mashimo njiani na kuondoa kamba za kujikwaa.
- Chooni atumie kiti chenye tundu. Kuchuchumaa kunaweza kuchomoa kichwa kutoka kwenye kikombe.

Dalili za hatari
Maumivu mapya ya kinena au paja anapoanza kutembea, au mguu kuwa mfupi: aende zahanati mapema. Homa, usaha, au kushindwa ghafla kukanyaga: aende siku hiyo hiyo. Mpini uliolegea, ukiendelea kulimia, tundu la jembe hupanuka. Nyonga nayo ni hivyo: mfupa ukishaliwa sana, kuirekebisha ni kazi ngumu.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini saruji ya mifupa si gundi?
2. Fimbo ishikwe mkono gani, na kwa nini?
3. Nani katika mtaa wako anahitaji kuchotewa maji?