Januari katika Nyika ya Kongwa

Mwezi wa Januari una siku zake ambazo kila mtoto wa shule hufundishwa. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Sultani iliangushwa Unguja. Siku nane baadaye askari wa kambi ya Colito, karibu na Dar es Salaam, waliwaasi wakubwa wao. Tena tarehe 29 Januari 1967, mjini Arusha, Halmashauri Kuu ya TANU ilimaliza kikao kilichopitisha Azimio, ambalo lilitangazwa tarehe 5 Februari. Hayo hukumbushwa kila mwaka, nasi hatuna haja ya kuyarudia. Leo twapenda kuwaongezea wasomaji wetu Januari nyingine, isiyo na gwaride wala sikukuu. Ni ile ya mwaka 1951, serikali ya Uingereza ilipotangaza kwamba inaacha mradi mkubwa wa karanga, ambao makao yake yalikuwa Kongwa, mashariki ya Dodoma.

Yafaa kwanza tuueleze mwezi wenyewe kama ulivyo huko. Ugogo una majira mamoja tu ya mvua. Mawingu hukusanyika Novemba au Desemba, watu hupanda, na kufika Aprili mvua imekwisha. Januari ndio mwezi wa palizi, na ndio mwezi wa wasiwasi pia, kwa maana mara nyingi mvua hukatika katikati ya majira kwa siku nyingi, na mimea michanga hunyauka mbele ya macho ya mwenye shamba. Kwa sababu hiyo Wagogo tangu zamani hutegemea uwele na mtama, nafaka zinazovumilia kiu, na hufuga ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe aweza kuhamishwa kufuata malisho, lakini shamba haliwezi kuhamishwa. Ile njaa kuu iliyofuata vita ya kwanza ya dunia, ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliwafundisha wenyeji kuiogopa nchi yao kwa adabu.

Sasa turudi mwaka 1946. Vita ya pili ilikuwa imekwisha, lakini huko Uingereza mafuta ya kupikia, siagi na sabuni vilikuwa bado vikigawiwa kwa kipimo. Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine, katika mashamba makubwa mno. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyekuwa mkuu wa idara ya kilimo Tanganyika, pamoja na wenzake wawili, waende kutazama. Walizunguka muda wa majuma tisa tu, sehemu kubwa kwa ndege, tena katika miezi ya kiangazi. Waliporudi wakaandika kwamba jambo hili lawezekana.

Mpango uliotokana na taarifa hiyo ulizungumza juu ya ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mashamba yangekuwa 107, kila moja ekari 30,000, na gharama zake zingekuwa karibu paundi milioni 25. Msomaji na alinganishe hesabu hiyo na shamba la baba yake. Novemba 1946 John Strachey, Waziri wa Chakula, aliliarifu Bunge la Uingereza kwamba kazi itaanza, na mwaka 1947 watu wa kwanza walipiga mahema Kongwa. Mahali pengine palipochaguliwa Tanganyika palikuwa Urambo na Nachingwea.

Kwa nini Kongwa ilitangulia? Twaona sababu ni nyepesi, tena inasikitisha. Reli ya Kati ilipita karibu, na nchi ilionekana tupu. Lakini hawakujiuliza kwa bidii ya kutosha kwa nini nchi iwe tupu. Hapakuwa na kumbukumbu za miaka mingi za kipimo cha mvua mahali pale, na majuma tisa ya kiangazi hayawezi kuonyesha tabia ya Januari. Mzee yeyote aliyeuona Mtunya angaliweza kueleza mengi, lakini shauri lilikatwa London, na haraka ilikuwa kubwa.

Yaliyofuata yamepata kuchekwa sana, na baadhi ya visa vyake kweli vinachekesha. Matrekta yaliyonunuliwa yalikuwa mabaki ya vita, mengi yakiwa mabovu tangu yalipopokewa. Vifaru vya jeshi vilitengenezwa upya kiwandani Uingereza vikawa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam ilisongwa na mizigo, na reli haikuweza kuisafirisha yote. Nyika yenyewe ilikataa kuondoka. Miti ya miiba iliangushwa kwa urahisi, lakini mizizi yake ilibaki chini, imesukana kama mkeka, ikavunja majembe ya mashine. Mbuyu ukigongwa, nyuki hutoka, na dereva hukimbia. Baadaye walipata njia ya kufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili na kuuburuta, ukakata msitu kwa upana. Njia hii ilifaa kuliko ya kwanza, ila fedha nyingi zilikuwa zimekwisha tumika.

Lakini jambo lililoushinda mradi ni udongo, na hapa twawaomba wazazi wawaonyeshe watoto mche wa karanga, kama upo karibu. Ua la karanga huchanua juu ya ardhi. Likisha kunyauka, kijiti chembamba hutoka hapo, hushuka na kuchoma udongo, na punje hukomaa gizani. Basi karanga hutaka udongo laini mara mbili, kwanza wakati kijiti kinapoingia, kisha wakati wa kung'oa. Udongo mwekundu wa Kongwa una ufinyanzi, nao mvua ikipita na jua likawaka, hukauka ukawa mgumu kama tofali. Tena una chembe za mawe makali zilizolika chuma cha majembe upesi kuliko ilivyotazamiwa. Mkulima mwenye jembe la mkono hungojea siku ya mvua, akang'oa shamba lake dogo udongo ukingali na unyevu. Mwenye maelfu ya ekari hawezi kuzing'oa zote kwa siku mbili tatu, na mashine haichagui siku.

Mwaka wa kwanza ilikusudiwa kusafisha ekari 150,000. Zilizopandwa hazikupita 7,500 au karibu na hapo. Mwaka 1948 kazi ilitolewa mikononi mwa kampuni, ikapewa shirika la serikali lililoitwa Overseas Food Corporation. Wakuu walibadilishwa, hesabu zikapunguzwa, alizeti ikajaribiwa mahali pa karanga, na ukame ukaja. Katika habari zote za mradi huu hakuna inayotushangaza kama hii, kwamba karanga zilizonunuliwa ziwe mbegu zilizidi zile zilizovunwa. Ilipofika Januari 1951 serikali ilikiri kwamba mambo yameshindikana, na zaidi ya paundi milioni 36 zikafutwa katika vitabu.

Hatupendi kuungana na wale wanaowacheka watu wa Kongwa. Wengi wa Wazungu waliokuja walikuwa askari waliochoka na vita, nao waliamini kwa moyo mweupe kwamba wanakuja kulisha watu wenye njaa. Na maelfu ya Waafrika waliotoka sehemu mbalimbali kufuata mshahara hawakuwa na kosa lolote. Walijifunza udereva na ufundi, wakapata fedha, kisha siku moja kazi haikuwapo. Hasara ya paundi imeandikwa katika taarifa za Bunge, lakini hasara ya mtu aliyeacha shamba lake kwao kwa ajili ya kibarua, akarudi mikono mitupu, nani aliiandika? Twadhani familia nyingi za bara zina babu au bibi aliyepata kusimulia habari hizo, nasi twashauri ziandikwe hata katika daftari la shule, kabla hazijapotea.

Hatusemi kwamba Azimio la Arusha lilitungwa kwa sababu ya Kongwa. Lakini miaka 16 baada ya Januari ile, viongozi wa nchi huru waliposema kwamba fedha siyo msingi wa maendeleo, na kwamba si busara kutegemea fedha za wageni, walisema mbele ya watu ambao mfano wake waliuona kwa macho. Nayo serikali huru, twasema kwa haki, haikuepuka siku zote kupanga mambo ya wakulima pasipo kuwauliza wakulima.

Vitu vilivyobaki Kongwa vilipata kazi nyingine. Sehemu ya majengo ilitumiwa na shule ya watoto wa Kizungu, ambayo ilifungwa mwaka 1958. Tawi la reli kutoka Msagali liling'olewa. Nchi iliyosafishwa kwa gharama kubwa hivyo ikaonekana inafaa kwa malisho, ikawa ranchi ya ng'ombe, ambayo ndiyo kazi Wagogo waliyoifanya pale tangu awali. Urambo ulipata nafuu kwa tumbaku.

Tena palikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu wa London aliyeiwaza. Mei 1963 nchi huru za Afrika zilikutana Addis Ababa zikaunda Kamati ya Ukombozi, makao yake yakiwa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, katika mabaki ya mradi wa karanga, palifunguliwa kambi ya wapigania uhuru. Walikuja watu wa FRELIMO kutoka Msumbiji, wa SWAPO, wa ANC ya Afrika ya Kusini, na wengineo. Samora Machel alikuwa miongoni mwa waliofundisha askari pale. Septemba 1964 FRELIMO ilianza vita vyake, na Agosti 1966 watu wa SWAPO waliokuwa wamepita Kongwa walipambana na askari wa Makaburu huko Omugulugwombashe, kaskazini ya Namibia.

Wenyeji wa Kongwa waliishi na wageni hao miaka mingi. Waliwauzia mahindi na kuku, wakacheza nao mpira, na baadhi ya binti zao waliolewa nao. Wapo watu wazima leo ambao baba zao walitoka nchi za mbali, wakaenda vitani wasirudi. Makaburi ya wale waliofia pale kambini yangaliko, nayo hutunzwa.

Wilaya ya Kongwa ya leo ina soko kubwa la nafaka pale Kibaigwa, kando ya barabara ya Dodoma na Morogoro, ambapo malori hupakia mahindi na alizeti. Karanga pia hulimwa wilayani, katika mashamba ya ekari moja au mbili, na mwezi huu wenye mashamba hayo wamo katika palizi, wakiyatazama mawingu.