Mdogo wangu, saksafoni haikimbii

Ujumbe wa safari hii umetoka Bahi. Kaandika binti wa miaka 19, muimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya: “Dada, nataka kujifunza jazi, hasa saksafoni. Nidunduize hela ninunue chombo, au niende Dar nikatafute chuo?” Halafu mwishoni kabisa, kama jambo lisilo na uzito, ameongeza kwamba kuna kaka mmoja Dodoma mjini kamwahidi kumfundisha bure, ila aende jioni na awe peke yake.

Naanza na hilo la mwisho. Hapana, mdogo wangu. Mjibu hivi: “Asante kaka, nitakuja Jumamosi asubuhi na mama.” Usiongeze neno. Mwalimu wa kweli haoni tabu mama kukaa kwenye benchi akisikiliza. Akianza kununa, au ratiba yake ikajaa ghafla, umeshajibiwa. Hata kwa aliye mwema, hilo la “bure” lisikupumbaze. Mpelekee chochote, hata kilo mbili za mchele wa kwenu Bahi, maana deni lisilotajwa bei hupangiwa bei baadaye na anayedai.

Sasa saksafoni. Ni chombo ghali, na kina matunzo: mwanzi wa mdomoni huchakaa, padi huvuja, na hapo Bahi sijui utampelekea fundi gani. Usiuze mpunga wa nyumbani kwa ajili hiyo. Wala jazi ya nchi hii haikukuzwa na watoto waliokuwa na vyombo vyao. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, na kwa kawaida vyombo vilikuwa mali ya bendi. Ilipokuja NUTA Jazz mwaka 1964, mwenye bendi alikuwa chama cha wafanyakazi, na wanamuziki walilipwa mshahara. Kijana aliingia, akakaa nyuma ya wakubwa, akashika kilichokuwa wazi. Gwiji wa gitaa Mbaraka Mwinshehe mwenyewe aliingia Morogoro Jazz akiwa kijana mdogo, akapikwa humo mpaka 1973 alipoondoka kuunda bendi ya Super Volcano. (Ndiyo, najua, bendi hizo zilipiga rumba na chacha zaidi kuliko jazi ya Wamarekani. Jina lilikaa, na miguu haikulalamika.) Mpango huo ulikuwa na ubaya wake pia: ukigombana na uongozi unatoka mikono mitupu, hata gitaa ulilolizoea linabaki. Lakini kwa anayeanza, nakwambia, bendi ilikuwa shule kuliko shule.

Kwa hiyo tafuta watu kwanza. Na mbona uko karibu nao! Umekulia Ugogoni, ambako watu huimba kwa sauti zinazopishana na kupokezana bila karatasi. Jazi inadai hayo hayo: kusikiliza mwenzio, kumjibu, kujitungia papo kwa papo bila kupotea njia. Mtafute mzee mwenye ilimba, lile sanduku la mbao lenye vyuma juu yake, umwombe akuoneshe kwa karibu. Kuna vyuma anavyovipiga kwa vidole gumba, na vipo vingine ambavyo havigusi kabisa. Vile vinavyopigwa vikilia, hivyo navyo hutetemeka. Kitundu cha sanduku hufunikwa kwa utando wa buibui, ndio unaoleta ule mlio wa kukoroma. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliizungusha ilimba na zeze dunia nzima, na alifundisha pale chuo cha sanaa Bagamoyo. Alifariki mwaka 2003.

Wakikwambia vyombo si vya mabinti, wakumbushe muheme, ngoma ya Wagogo: nani hukaa na ngoma zile kati ya mapaja akazipiga? Akina mama. Kisha watajie Pendo na Leah wa ukoo huo huo wa Zawose. Miaka mingi walikuwa waitikiaji wa nyuma. Mwaka 2024 walitoa albamu yao wenyewe, *Maisha*, kwa jina la The Zawose Queens.

Chuo kipo, sikufichi. TaSUBa, chuo kile kile cha sanaa, iko Bagamoyo, na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA kilichoanza 2002. Ila ukienda huko na sikio lililokwisha kunolewa, utafaidi zaidi. Na kujifunza hakusubiri chuo: tazama mradi wa muziki wa Ghetto Classics wa Korogocho, Nairobi, ulioanzishwa mwaka 2008 na Elizabeth Njoroge: watoto wa mtaa ulio ubavuni mwa jalala la Dandora wanajifunza violini na tarumbeta kwenye uwanja wa kanisa, na baadhi ya waliojifunzia hapo sasa ni walimu wa wadogo zao. Tamasha la jazi la Safaricom liliwahi kuwachangia fedha.

Wewe anza na wenzako wanne au watano wa kwaya. Mwombeni mwalimu wa kwaya kinanda siku ambazo hakuna mazoezi, na mumpe jina la mtu mzima mmoja atakayekuwepo kila mara. Mkutane mchana, mlango wazi. Mkipata nauli, nendeni Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Kigogo, lililoanzishwa mwaka 2009 na Kedmon Mapana. Msikae kwenye viti tu. Nendeni nyuma ya jukwaa mkawasalimie wakubwa kwa adabu, muwaulize nani anapokea wanafunzi.

Mkishaanza kualikwa harusini na kulipwa, mwoneni afisa utamaduni wa wilaya, kisha afisa maendeleo ya jamii. Katika asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha vikundi, asilimia nne ni ya vijana na nne ya wanawake, bila riba. Lakini ule ni mkopo, si zawadi. Msiuguse kabla hamjajua harusi ngapi zitaulipa, na saksafoni mtakayonunua iandikwe kwa jina la kikundi, pamoja na nani analala nayo.