Gari Limetoka Kwenye Rangi, Kazi Bado: Somo Kuhusu Malipizi



Vijana wenzangu, tunaendelea na Sakramenti ya Kitubio, na leo nataka tukae kwenye ile sehemu ambayo wengi tunaipita mbio: malipizi. Si unajua inavyokuwa. Padre anakupa Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu, unazimaliza kabla hujafika hata mlangoni, unatoka nje mwepesi, mambo yameisha. Mimi nilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Kilichonibadilisha ni gari la mjomba wangu, Toyota Carina Ti ya mwaka 1998, rangi ya fedha.

Mnivumilie, maana nitaongea sana habari za msasa. Mwenye gari kuukuu nyumbani atafaidika mara mbili.

Jumapili moja mjomba alikuwa safarini, mimi nikachukua funguo bila kuomba. Niliporudi nikirudisha gari nyuma, nikaligonga kwenye nguzo ya geti. Mlango wa nyuma wa kushoto ukabonyea, na madigadi nayo ikakunjika. Mjomba aliporudi nikamwambia nimelikuta hivyo asubuhi, labda mkokoteni umeingia usiku mlinzi akiwa amelala. Ndivyo nilivyosema, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Mlinzi alikuwa mzee wa watu, anasali Jumuiya moja na sisi. Mjomba akamkata shilingi 40,000 kwenye mshahara, mwezi wa pili akamkata tena 40,000. Mwezi wa tatu mzee akaondoka mwenyewe. Pale mtaani ikabaki habari kwamba ni mlinzi anayelala kazini.

Nilikaa nalo karibu mwaka mzima, huku naimba kwaya. Kwaresima iliyofuata tukawa na mafungo ya vijana, nikaingia kuungama. Nikataja dhambi zangu zote, hii nikaiweka katikati katikati ili ipite na wenzake. Padre akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: huyo mzee sasa hivi yuko wapi?

Sikujua. Nikapewa maondoleo, na malipizi yangu yakawa kumtafuta.

Nilianza kwa mjomba. Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akasema gari linaenda gereji, gharama tutagawana, na kazi itakayobaki baada ya rangi nitaifanya mwenyewe kila Jumamosi. Nilikuwa nafanya kibarua kwenye duka la fotokopi, kwa hiyo nusu yangu niliilipa kidogo kidogo. Na kwa kuwa klia ya boneti na paa ilikuwa imeshababuka kwa jua, akaamua lipigwe rangi gari zima.

Mjomba alitamani libadilishwe liwe jeusi. Fundi akatukumbusha kwamba kadi ya gari inataja rangi, ukibadilisha inabidi utoe taarifa TRA na kadi irekebishwe. Tukabaki na rangi yetu ya fedha.

Gereji yenyewe iko chini ya mwembe, kama gereji nyingi za Dar es Salaam. Wakanyoosha bodi, wakapiga puti, wakapiga msasa, praima, kisha fundi akamwagia maji ardhini kote ili vumbi litulie, akapuliza rangi na klia. Jioni yake nikafika. Jamani, lilikuwa linang'aa! Nikapiga picha nikaweka status. Nikamuuliza fundi tunaondoka nalo saa ngapi. Akacheka. Akaniambia hilo unaloliona bado halijaisha, hilo limefunikwa tu.

Akanipeleka karibu, nikaangalia kwa pembeni kuelekea mwanga. Kweli, uso wa rangi ulikuwa na vinundu vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Hapa kuna punje ya vumbi imegandia ndani ya klia, kule chini ya kioo rangi imetiririka kama chozi. Mipira ya milango imeshika ukungu wa rangi. Nembo hazipo, vitasa viko kwenye ndoo, taa za mbele zimekuwa za njano na sasa zinaonekana mbaya zaidi kwa sababu bodi ni mpya.

Tuliliacha siku mbili klia ikauke sawasawa, Jumamosi tukaanza. Msasa wa maji namba 1500, baadaye 2000, mwisho 3000. Unaukunja kwenye kipande bapa cha mpira, usitumie vidole vitupu maana vidole vinachimba mifereji. Maji mengi, sabuni tone moja, mkono mwepesi. Kwenye kingo za mlango na mikunjo ya bodi usiguse kabisa, pale klia ni nyembamba na ukiikata unarudi mwanzo, unapuliza upya. Nilifanya boneti peke yake asubuhi nzima.

Sasa sikiliza. Baada ya msasa gari halingʼai tena. Linakuwa limepauka, jeupe jeupe kama limepakwa majivu, na mtu akipita atadhani umeliharibu. Mjomba alipita, akaangalia, akaondoka bila kusema neno. Nyumbani nako ilikuwa vile vile: kabla sijasema ukweli tulikuwa tunakula tunacheka, baada ya kusema ukweli mezani ni kimya kitupu. Kuna usiku nilijiuliza kama si afadhali ningeishia pale kwenye kitubio. Baada ya msasa inakuja kompaundi kwa mashine ya mwendo mdogo, halafu polishi, na mng'ao unarudi ukiwa umetulia, unaona matawi ya mwembe yote kwenye boneti. Ila ile hatua ya kupauka huwezi kuiruka.

Lakini kazi iliyonifundisha kuliko zote haikuwa ya kung'arisha. Fundi alichukua waya mwembamba akalala chini, akauchomeka kwenye kitundu kidogo chini ya mlango uliogongwa. Kila mlango wa gari una matundu hayo kwa chini, ya kutolea maji. Mvua ikinyesha maji hupita pembeni ya kioo yakaingia ndani ya mlango, na yanatakiwa yatokee pale. Wakati wa puti na rangi matundu huziba kwa vumbi na rangi. Alipozibua yakatoka maji machafu meupe, mengi kuliko nilivyodhani, maana tulikuwa tumepiga msasa wa maji siku nzima. Akasema angeyaacha, ndani ya mwaka mmoja au miwili ningeona uvimbe mdogo kwenye rangi mpya, nikiubonyeza unapasuka, ndani kutu tupu. Kutu ya mlango huanzia ndani. Tukasubiri pakauke, tukapuliza nta ya kuzuia kutu ndani ya mlango, kule ambako hakuna atakayewahi kuona.

Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye tofali nikamuwaza yule mzee.

Hebu tufungue Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459. Kanisa linatufundisha kwamba dhambi nyingi humuumiza jirani, na kwamba inatupasa kufanya kila tunaloweza kurekebisha: kurudisha vilivyoibwa, kumrudishia heshima tuliyemchafulia jina, kufidia madhara. Maondoleo yanaondoa dhambi, lakini hayaponyi vurugu yote ambayo dhambi imeacha nyuma yake. Ndiyo maana tendo la mwenye kutubu lina sehemu zake: majuto, maungamo, na malipizi. Ukiacha ya mwisho, umeacha maji ndani ya mlango.

Hapa najua kuna mtu atauliza, na ni swali zuri: ina maana msamaha wa Yesu hautoshi, nami lazima nichangie? Hapana. Mtakatifu Yohane Paulo II alilijibu kwenye waraka wake wa mwaka 1984 kuhusu upatanisho na kitubio: malipizi si bei tunayolipa ili tusamehewe, maana hakuna bei ya kibinadamu inayoweza kulipia kitu hicho. Kwa mfano wa gereji: sikupiga msasa ili nipewe rangi. Rangi ilishapulizwa. Nilipiga msasa kwa sababu ilishapulizwa.

Mwangalie Zakayo, Luka 19. Yesu anajialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Ni baada ya kupokelewa ndipo Zakayo anasimama na kutangaza kwamba nusu ya mali yake ni ya maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Niliposoma mara nne nikapiga hesabu. Mzee alikatwa 80,000, mara nne ni 320,000. Sikuwa nayo, na mfano wa gereji haukunipa punguzo.

Narudi kwenye gari kidogo, kwa wale wanaosubiri. Mipira ya milango: usijaribu kutoa ukungu wa rangi kwa thina, thina ikidondokea klia mpya imekula kazi yote. Kompaundi kidogo kwenye kitambaa na uvumilivu inatoa. Nembo: futa kwanza mahali pake kwa spiriti, pima kwa tepu ya karatasi ili isikae upande, ndipo ubandike kwa tepu ya pande mbili. Taa za njano: ni plastiki iliyoungua kwa jua, inapigwa msasa wa maji kuanzia 800 hadi 2000, kisha polishi. Watu hutumia dawa ya meno na kweli inang'aza, ila usipopaka juu yake kinga ya jua, baada ya miezi michache unjano umerudi. Na nta ya nje usipake mapema. Fundi alisema tusubiri angalau mwezi mzima, rangi mpya bado inapumua, inatoa dawa zake. Mwezi huo ni kuosha kwa maji na shampuu ya gari kivulini, na kinyesi cha ndege kisikae hata siku moja. Rozari ya mjomba niliirudisha kwenye kioo cha ndani siku ya mwisho kabisa.

Mzee nilimpata baada ya wiki tatu, kupitia mwenyekiti wa Jumuiya. Alikuwa analinda duka la vifaa vya ujenzi. Nilifika jioni anapoanza zamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti."

Hakukuwa na kiti, kulikuwa na ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Nikakaa, nikamwambia yote. Nilikuwa na 80,000 kwenye bahasha na ahadi ya kuendelea kumpelekea. Aliihesabu taratibu, akaiweka mfukoni, akasema nashukuru. Halafu akasema hela si mbaya, lakini watu wa pale mtaani bado wanamjua kama mlinzi wa kulala, na kuna nyumba mbili alizoomba kazi wakamkatalia kwa sababu hiyo. Hapo ndipo nilipoelewa lile neno la Katekisimu kuhusu jina la mtu. Hela nilikuwa nimeiwaza wiki zote hizo. Hili la jina sikuwa nimeliwaza.

Jumamosi iliyofuata nikaomba nafasi kwenye Jumuiya. Nilisimama mbele ya majirani kumi na kitu, wengine wamenishika mkono nikiwa mtoto wa Komunyo ya Kwanza, nikasema gari niligonga mimi na mzee hakulala. Mjomba alikuwepo. Naye akasimama, akasema alimkata mtu mshahara bila kumsikiliza.

Niseme wazi, si kila jambo linatangazwa hivyo. Kama kusema hadharani kutamuumiza mtu mwingine asiye na hatia, au kutafichua jambo ambalo bado ni siri, ongea na muungamishi wako kwanza. Ulichoiba unaweza kukirudisha bila jina lako kujulikana, na kikarudi kweli. Kama mwenyewe ameshafariki, wapo warithi wake, na kama hajulikani kabisa, wapo maskini. Ila mimi nilisema uongo mbele za watu, kwa hiyo dawa yake nayo ilikuwa mbele za watu.

Kwa kazi ya wiki hii, kaa dakika kumi mbele ya Ekaristi, kumbuka kitubio chako cha mwisho, kisha jiulize kama kuna mtu ambaye Padre angekuuliza yuko wapi.

Mwezi ulipoisha nikapaka nta. Jumapili yake, baada ya Misa ya kwanza, mjomba akasema twende kwa mzee na gari. Walisalimiana muda mrefu pembeni, sikusikia wanachoongea. Kisha mzee akalizunguka gari lote, mikono nyuma, kama anakagua geti. Alipofika mlango wa nyuma wa kushoto akaufungua, akapitisha kidole kwa chini.

"Mpira huu haujakaa," akasema.

Nikainama, kweli ulikuwa umechomoka kwenye kona. Akausukuma kwa dole gumba mpaka ukaingia, akafunga mlango.