MAFAILI YA VIDEO YANAYOANGUSHA KOMPYUTA: SOMO KUTOKA TARIME NA SERENGETI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanatanabahishwa kwamba kompyuta inayoganda au kujizima pindi inapofunguliwa video iliyopakuliwa kutoka katika intaneti si lazima iwe mbovu, wala si lazima iwe imeingiwa na kirusi. Sababu ni nyingi, na kila moja ina dawa yake. Kosa linalotendeka mara nyingi maofisini ni kutumia dawa moja kwa maradhi yote: fundi huitwa, diski hufutwa, programu huwekwa upya, na pamoja na ile video hupotea kazi ya miaka.

Mfano wa makala haya unatoka mkoani Mara, Tanzania Bara, ambako mwandishi alipata kufika kwa shughuli za habari. Yaliyoonekana huko yanatuhusu na sisi wa visiwani, kwani mashine ni zile zile na mtandao hukatika kote.

Katika ofisi moja ya kata wilayani Serengeti, si mbali na Mugumu, palikuwa na kompyuta moja tu. Ndani yake mlikuwamo orodha ya wakulima ambao mashamba yao yalivamiwa na tembo, ikisubiri kupelekwa wilayani kwa ajili ya kifuta jasho, malipo yaliyowekewa kanuni mwaka 2011. Vijiji vinavyopakana na Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti vinaijua vyema adha hiyo, na mkulima ambaye jina lake halikufika wilayani atangoja sana. Katika mashine hiyo hiyo ilikuwamo filamu ya kuwaelimisha wazazi juu ya madhara ya ukeketaji, tendo ambalo sheria ya mwaka 1998 ililifanya kuwa kosa la jinai linapotendwa kwa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Filamu ilikusudiwa kuonyeshwa vijijini kabla ya Desemba. Katika wilaya za Tarime na Serengeti huo ndio mwezi wa kuogopewa, maana skuli zimefungwa na wasichana wako majumbani.

"Mzee," alisema kijana mwenye dhamana ya mashine, "nikifungua hii folda tu, mashine inakufa. Hata video yenyewe sijaigusa." Alikuwa ameshakata shauri kufuta kila kitu na kuanza upya.

Kauli yake ilieleza maradhi kuliko alivyodhani. Mfumo wa Windows, folda inapofunguliwa, husoma sehemu ya kila video ili uitengenezee kijipicha cha kuonyesha nje. Faili likiwa limeharibika, msomaji huyo wa ndani hujikwaa, na dirisha zima huanguka naye. Mtumiaji huona kana kwamba folda ina jini. Dawa yake haihitaji fundi. Katika mipangilio ya folda umo uamuzi wa kuonyesha alama tu badala ya vijipicha. Ukishauchagua, faili bovu huweza kuhamishwa au kufutwa bila ya kusomwa. Hivyo ndivyo ilivyofanyika, lakini baada ya orodha ya wakulima kunakiliwa kwanza kwenye flashi. Utaratibu huo usigeuzwe: kilicho cha thamani hunakiliwa kabla ya jaribio lolote, hata kama jaribio lenyewe linaonekana dogo.

Kwa nini faili liliharibika? Faili la aina ya MP4 lina fahirisi kama kitabu, inayoieleza programu picha ipi iko wapi na sauti ipi inaandamana nayo. Katika baadhi ya mafaili fahirisi huwekwa mwanzoni, katika mengine mwishoni kabisa. Upakuaji ukikatika njiani, faili la namna ya kwanza hucheza vizuri hadi pale lilipokatikia, kisha huganda. La namna ya pili halifunguki kabisa, kwa kuwa fahirisi haikufika. Anayeona video inaganda kila mara katika dakika ile ile basi na alishuku faili, asiishuku mashine. Uthibitisho ni mwepesi: linganisha ukubwa wa faili ulilonalo na ukubwa uliotajwa kule lilikotoka. Likipungua, hakuna ufundi utakaolikamilisha, lipakuliwe upya.

Huko Tarime sababu za kukatika ni nyingi. Karibu na Sirari, ng'ambo ya Isebania ya Kenya, simu inayotumiwa kuipa kompyuta intaneti huweza kuhamia mtandao wa upande wa pili wa mpaka bila ya mwenyewe kujua, na upakuaji ukafa katikati. Umeme nao ukikatika wakati diski inaandika, matokeo ni hayo hayo. Liko pia tatizo la flashi bandia, zilizoandikwa ujazo mkubwa ambao hazina. Faili huingia bila ya malalamiko, na linapofunguliwa huwa ni maganda matupu. Flashi mpya ijaribiwe kwa kujazwa na kusomwa tena kabla ya kuaminiwa.

Endapo ukubwa wa faili ni sahihi na bado kompyuta inaganda, swali la kufuata ni hili: ni video hii moja au ni video zote? Ikiwa ni moja, ifunguliwe kwa programu nyingine. VLC hutolewa bila ya malipo na huja na kodeki zake yenyewe, yaani zile kanuni za kuikunjua video iliyobanwa. Video nyingi za siku hizi zimebanwa kwa kanuni ya H.265, iliyokamilishwa mwaka 2013. Kompyuta iliyoundwa kabla ya hapo haina kifaa cha kuisaidia kazi hiyo, hivyo mzigo wote huangukia kichakato kikuu, mashine huchemka na picha husimama. Tafuta nakala ya H.264, au ibadilishe video kwa programu kama HandBrake, nayo haina malipo.

Ikiwa ni video zote, mashine ndiyo yenye neno. Inayojizima ghafla bila ya ujumbe, hasa baada ya dakika kumi au ishirini, mara nyingi imepata joto. Vumbi la barabara za Mugumu wakati wa kiangazi huziba feni hata hewa isipite; ifunguliwe na isafishwe. Inayotoa skrini ya buluu mara nyingi ina kiendeshi cha picha kilichopitwa na wakati, nacho kipakuliwe kutoka kwa mtengenezaji wa mashine na si mahali pengine. Inayoganda huku diski ikitoa mlio wa kugonga, hiyo diski inakufa. Usiicheze video tena hata mara moja. Nakili kazi zako na uiweke mashine kando.

Limebaki jambo ambalo mwandishi analiogopa kuliko yote hayo. Baadhi ya vitu vinavyoitwa video si video. Katika chuo cha Kurani tulikozoezwa kusoma, mwalimu hakumruhusu mtoto kukimbilia mwisho wa neno kwa kubahatisha. Kila herufi ilitajwa na irabu yake, hadi ya mwisho. Jina la faili nalo lataka kusomwa hivyo. Mwezi Mei 2000 barua yenye kiambatisho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, iliyoanzia Ufilipino, ilizunguka dunia kwa siku chache na kuharibu mafaili katika mamilioni ya kompyuta. Watu wengi waliona TXT wakadhani ni maandishi matupu, kwa sababu Windows ilizificha herufi tatu za mwisho, na hizo ndizo zilizosema kweli. Hata leo mfumo huo, usiporekebishwa, huficha viishio vya majina. Kila ofisi iviweke wazi katika mipangilio ya folda. Video huishia na mp4, mkv, avi au mov. Jina linaloishia na exe, scr, vbs au bat ni programu, hata kama limepambwa picha ya filamu. Na filamu ya saa mbili yenye megabaiti mbili si filamu.

Hila ya pili ni ya video inayogoma na kudai kwamba inahitaji kodeki fulani, kisha ikakupa mahali pa kubonyeza. Tangu mwaka 2005 kirusi kilichoitwa Zlob kiliingia katika kompyuta nyingi kwa mlango huo huo. Video haina haki ya kukuagiza uweke programu. Aliyekwisha kubonyeza achomoe intaneti mara moja, asichomeke flashi ya ofisi katika mashine hiyo, na amwarifu Afisa TEHAMA wa Halmashauri siku ile ile. Kuna watumishi wanaonyamaza kwa kuona haya, hasa ikiwa video yenyewe haikuwa ya kazi. Haya hiyo yaeleweka, lakini kila siku ya kunyamaza humpa mwizi siku ya kusoma majina na namba za simu za watu waliotuamini.

Anayepeleka mashine kwa fundi aandike kwanza katika karatasi: jina kamili la faili pamoja na kiishio chake, ukubwa wake, dakika ambayo mashine iliganda, programu iliyotumika na maneno yaliyotokea kwenye skrini. Fundi asipewe ruhusa ya kufuta diski kabla ya mkuu wa ofisi kuthibitisha kwa maandishi kwamba nakala ipo na imefunguka katika mashine nyingine.

Katika ile ofisi ya kata, filamu ilipakuliwa upya mjini Mugumu usiku, wakati watumiaji wa mtandao ni wachache. Ukubwa ulilingana, na ilicheza hadi mwisho. Orodha ya wakulima ilipelekwa wilayani ikiwa katika flashi na katika karatasi zilizopigwa mhuri, na yule kijana alizibeba mwenyewe.