Pikipiki na Mavazi ya Njia za Kilosa na Mikumi

Pikipiki ya njia za porini huchaguliwa kwa kuangalia udongo kwanza, injini baadaye. Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ina nchi mbili ndani yake. Kwenye tambarare ya Mkata kuna mbuga ya udongo mweusi: kiangazi hupasuka nyufa, masika hugeuka ulimbo. Magharibi yake njia hupanda kuelekea milima ya Rubeho na Ukaguru, penye udongo mwekundu, mawe yaliyolegea na makorongo yaliyochimbwa na maji.

Udongo mweusi ndio unaoshinda pikipiki nyingi. Tope hujaa kati ya tairi na madgadi ya mbele, likakauka kidogo, kisha gurudumu hugoma kabisa kuzunguka. Pikipiki za bodaboda, zenye madgadi iliyokaa karibu na tairi, hukwama hivyo kila masika, na ndiyo maana baadhi ya waendeshaji huifungua madgadi hiyo mvua zinapoanza. Pikipiki ya porini ina madgadi iliyoinuliwa juu, shokapu ndefu na gurudumu la mbele la inchi 21, ambalo hupanda mawe na mizizi kwa urahisi zaidi kuliko la inchi 17 la bodaboda kama Boxer.

Uzito una maana kuliko nguvu. BMW R 1250 GS ina karibu kilo 250. Ikilala korongoni, mtu mmoja haiinui. Kwa njia hizi, pikipiki ya cc 125 hadi 250 isiyozidi sana kilo 120 inatosha. Yamaha AG na DT na Honda XL, ambazo miradi mingi ya kilimo na afya vijijini imezitumia, zinafaa sana. AG ina kava linalofunika mnyororo wote, hivyo vumbi na mchanga haviumalizi upesi. Asiyemudu bei zake anunue Boxer au TVS, abadilishe tairi aweke zenye meno makubwa, na asione haya: fundi wa kijijini anazijua na vipuri vyake vipo. Kinyume chake, tyubu ya inchi 21 ni nadra vijijini, kwa hiyo ibebwe kutoka Morogoro mjini pamoja na pampu na viraka. Kwa dharura, tyubu hiyo huweza hata kukunjwa ikaingia kwenye tairi la nyuma.

Boliti za mkono wa klachi na wa breki zisikazwe mpaka mwisho. Zikiachwa na ulegevu mdogo, pikipiki ikianguka mkono huzunguka kwenye usukani badala ya kukatika.

Kwenye mavazi, fedha ianzie kwenye helmeti na viatu. Helmeti lazima iwe na povu gumu ndani. Ganda la plastiki lenye kitambaa tu halikingi kitu. Ikishavaliwa na kufungwa, mtu akitikisa kichwa ngozi ya shavu isogee nayo. Suruali, glavu na kinga za magoti zinaweza kupatikana kwenye mitumba kwa bei nzuri, lakini helmeti ya mtumba isinunuliwe kamwe: povu lililowahi kupigwa halirudi, na kwa macho uharibifu huo hauonekani.

Viatu vipite kifundo cha mguu na viwe vigumu pembeni. Mabuti ya mvua huzuia maji tu. Pikipiki ikiulalia mguu hayana msaada. Koti liwe jepesi, la kupitisha hewa, maana joto la bonde huchosha, na aliyechoka ndiye anayeanguka. Rangi nyeusi na ya bluu ziepukwe, kwa kuwa mbung'o, ambao ni wengi Mikumi, huzifuata.

Mto usivukwe kwa kubahatisha. Mafuriko ya mto Mkondoa, Kilosa, ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliharibu hata Reli ya Kati. Pikipiki ni kitu kidogo mno mbele ya maji hayo. Kina kipimwe kwa miguu na fimbo kwanza.

Kwenye Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, pikipiki hupita kwenye barabara kuu ya Morogoro–Iringa tu, takribani kilomita 50, wala haziingii kwenye njia za watalii. Tembo na nyati huvuka barabara hiyo usiku na mchana. Jua likimzamia msafiri atokaye Morogoro akiwa Doma, kabla ya kuingia hifadhini, alale huko huko.