Ndoa Ikivunjika, Mali Igawanywe kwa Haki

Wanakisomo wenzetu, tunapopita vijijini tunasikia watu wakisema, "Mke akiachwa, aondoke na sanduku lake la nguo." Wengine husema, "Nyumba ni ya aliyeijenga, basi!" Je, ndivyo sheria inavyosema? Sivyo. Leo tujifunze Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara.

1. Talaka hutolewa na mahakama

Mume akimwambia mkewe, "Nimekuacha," au akimwandikia karatasi, mbele ya sheria hiyo ndoa bado ipo. Kwanza shauri lipelekwe kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza huwasikiliza wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Likishindwa, huandika hati ya kuonyesha kwamba limeshindwa. Tunza hati hiyo. Bila hati hiyo, kwa kawaida mahakama haipokei madai ya talaka.

Baada ya hapo unaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo. Mume anaweza kudai talaka, na mke vilevile. Hata waliooana Kiislamu hupitia baraza na mahakama.

2. Mali inayogawanywa

Inayogawanywa ni mali waliyochuma pamoja wakiwa mume na mke. Shamba alilokuja nalo mmoja ni lake. Lakini kama wote wawili wameliendeleza sana, nalo hutazamwa.

Mahakama hutazama mambo haya:
- kila mmoja alitoa nini: fedha, mali au kazi;
- madeni waliyokopa kwa faida ya wote;
- mahitaji ya watoto wadogo;
- mila za watu wao.

Mtauliza, "Je, mama wa nyumbani asiye na mshahara?" Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilijibu swali hilo. Ilisema kutunza nyumba, mume na watoto ni kazi, na kazi hiyo huhesabiwa katika kuchuma mali.

Lakini tusikilize vizuri. Mama aliyeleta shauri lile hakupata fungu. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye akazitapanya. Kwa hiyo sheria haisemi kila mara "nusu kwa nusu". Kila mtu hupimwa kwa mchango wake.

Tena, nyumba wanayoishi mume na mke haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja peke yake. Mwenzake lazima akubali.

3. Watoto

Mahakama huangalia kwanza mema ya mtoto. Mtoto wa chini ya miaka 7 kwa kawaida hukaa na mama yake, isipokuwa iwepo sababu nzito. Baba bado ana wajibu wa kumlisha, kumvika na kumsomesha. Talaka haivunji ubaba.

4. Tutumie kalamu

Mahakamani maneno matupu hayatoshi. Wewe sasa unajua kuandika, usingoje ugomvi. Nunua daftari, uandike hivi:

Mwaka 2015. Tulinunua mabati 30. Fedha za pamba na za maharage.
Mwaka 2018. Tulinunua ng'ombe 2. Mume alitoa fedha, mke na watoto wanachunga.
Mwaka 2020. Tulikopa fedha za mbolea. Deni limekwisha.

Weka pamoja stakabadhi, hati ya ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kumbuka pia majina ya mashahidi: jirani, fundi aliyejenga, aliyewauzia shamba. Daftari hili si la kutafutia talaka. Hata watu wanaopendana huhesabu mali yao, na penye hesabu wazi ugomvi hupungua.

Maneno ya kujifunza

Usuluhishi: kupatanisha watu waliogombana.
Rehani: mali iliyowekwa dhamana ya deni.
Stakabadhi: karatasi ya kuonyesha kwamba umelipa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tuanze na baraza kabla ya kwenda mahakamani?
2. Taja kazi tano za mama nyumbani. Zisipofanywa, je, mali ya nyumba ingeongezeka?
3. Leo jioni mume na mke wakae pamoja, waandike mali zao tatu na jinsi walivyozipata.